Shangazi, machipuko yangu hayafanani na ya kwenye filamu

Shangazi, shikamoo.

Nimeisoma safu hii muda mrefu bila kuandika, kwa sababu shida za wenzangu huwa kubwa: ndoa zinavunjika, madeni, mawifi na wakwe. Yangu nikiitaja watu watacheka. Mume wangu ameshacheka. Lakini imenikaa rohoni, na nisipoisema kwako sina pa kuisema.

Tunaishi kwenye nchi ya majira manne, na majira ya baridi huku ni marefu. Jua linazama mtu bado uko kazini. Ukitoka nje giza, ukiamka giza. Nimejitafutia dawa yangu, nayo ni filamu. Si filamu yoyote. Nazitafuta zile zenye majira ya machipuko. Shangazi bila shaka unazijua: dirisha linafunguliwa asubuhi, pazia jeupe linapeperuka, msichana anapita na baiskeli yenye kikapu cha maua, halafu ile njia ya miti iliyochanua, petali zinadondoka polepole kwenye nywele za wapendanao. Mtoto akishalala najifunika blanketi, naweka moja. Siku nyingine narudia vipande vya maua tu, hadithi nairusha.

Nikaanza kuandika kwenye daftari mambo nitakayofanya machipuko yakifika. Kunywa chai dirishani asubuhi na mapema. Kutembea chini ya miti iliyochanua. Kwenda mandari na kile kitambaa cha miraba. Kuweka maua mabichi mezani kila wiki. Nikanunua gauni jepesi la maua madogo madogo, nikalitundika nje ya mlango wa kabati ili nilione. Siku ikiwa mbaya naligusa tu, nasema bado kidogo.

Basi, yamefika. Wiki za kwanza mvua na upepo. Mbele ya ofisi yetu kuna mti wa cheri, mkubwa, ndio hasa niliokuwa nimeupangia. Ulianza kufunguka Jumatatu na nikawa nauona dirishani, ila ilikuwa wiki ya kufunga hesabu za robo mwaka, mchana nakula huku nakagua ankara. Nikajiambia Jumamosi nitakuja na gauni langu, na mume wangu na mtoto, tupige picha chini yake. Alhamisi usiku upepo ukapiga, na mvua juu yake. Ijumaa nafika kazini nakuta petali zote ziko chini, zimegandana na uchafu kwenye mfereji wa barabara, zimekuwa rangi ya kahawia, na mfagiaji anazisukuma na ufagio wake mpana pamoja na takataka nyingine. Nilisimama pale nikashindwa kuingia ndani.

Jumamosi nikang'ang'ania mandari. Mume wangu akasema ardhi bado imelowa, mimi nikasema jua limetoka, twendeni. Kitambaa kilipenya maji kabla hatujakaa sawasawa. Gauni jepesi, baridi, meno yanagongana. Nilitaka picha moja tu nzuri: mtoto ameshika ua, anatazama pembeni, jua liko nyuma yake. Nikamwambia sogea, geuka, usiniangalie mimi, liangalie ua. Mtoto ana miaka 5. Mwisho akasema anataka kurudi nyumbani, akaanza kulia. Hapo ndipo mume wangu aliposema, tena kwa sauti, watu wanasikia: "Wewe unaishi kwenye sinema. Sisi wengine tuko hapa kwenye tope."

Tulirudi kimya. Tangu siku hiyo sijaweka filamu hata moja, daftari nimelitupia kwenye droo, na gauni nimeliingiza ndani ya kabati. Watu wanasema nje kunapendeza sasa, lakini mimi nikitoka kazini nakwenda nyumbani moja kwa moja. Dada yangu anasema mume wangu hajui thamani ya vitu vizuri, na kwamba mwanamke asipoyapamba maisha yake mwenyewe hakuna wa kumpambia, kwa hiyo nizidishe, nisikate tamaa. Mume wangu anasema nikue.

Maswali yangu ni haya, Shangazi. Je, ni utoto kutaka msimu ufanane na filamu? Niache kuzitazama? Na huyu mwenzangu nimwambie nini, maana neno lake la tope bado linaniuma?

Ni mimi,
Niliyesubiri Maua

*

Marahaba, mwanangu.

La kuchekwa lifute kabisa. Mtu anayepita miezi ya giza kwa kutazama maua kwenye skrini amejitunza kwa alichonacho, na wapo wanaoipita miezi hiyo hiyo kwa mambo ambayo barua zake nikizichapisha hapa utashangaa.

Nianze na ule mti wa cheri, kwa sababu ndio uliokuumiza kabla mume wako hajafungua mdomo. Maua ya cheri yakishafunguka hukaa wiki moja, yakizidi sana wiki mbili, na usiku mmoja wa mvua na upepo unatosha kuyamaliza. Ndivyo ua hilo lilivyo, hukufanyiwa wewe. Wajapani, ambao wamelifuata kwa karne nyingi, hulitolea utabiri kila mwaka, eneo kwa eneo, sawa na wanavyotabiri mvua. Kyoto kuna kumbukumbu za tarehe za kuchanua zinazorudi nyuma hadi mwaka 812, zilizokusanywa kutoka kwenye shajara na maandiko ya zamani, na mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko miaka yote iliyoutangulia humo. Sasa watu wanaoujua mti kiasi hicho hawauwekei miadi ya Jumamosi ijayo. Wakisikia umefunguka wanakwenda, hata ikiwa ni usiku baada ya kazi, chini ya taa.

Wewe uliuona Jumatatu. Uliuona Jumanne, Jumatano na Alhamisi mchana. Ulikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti chako, ukaupa mgongo kwa sababu gauni lilikuwa nyumbani na wa kukupiga picha hakuwapo. Dakika 10 za mchana, na koti lako la kazini, na kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni, ungesimama chini yake ukatazama juu. Siku ya jua mti wa namna ile mara nyingi huvuma kwa nyuki. Unausikia kabla hujaukaribia sawasawa. Hilo lilikuwa lako na lilikuwa bure, ukaliacha lipite huku unalisubiri lije likiwa limevaa vizuri.

Hebu soma tena ile orodha yako. Chai dirishani, miti iliyochanua, kitambaa cha miraba, maua mezani. Kila kitu pale kinaonekana. Hakuna kinachonuswa, hakuna kinachosikika, hakuna kinachoshikwa kwa mkono. Na ndani ya kila kimoja kuna mtu amesimama pembeni anakutazama wewe ukifurahi. Wakati unaiandika hukujiuliza utahisi nini, ulijiuliza utaonekanaje. Mwanangu, hapo ndipo mambo yalipopinda, na filamu ninaipa lawama kidogo tu.

Ninaipa hiyo kidogo kwa sababu inaficha kazi yake. Chukua The Secret Garden ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Agnieszka Holland. Kuna sehemu ambapo udongo unapasuka, vichipukizi vinatoka, maua yanafunguka mbele ya macho yako. Mbinu yenyewe haina uchawi. Kamera inafungwa mahali pamoja, inapiga picha moja moja kwa kuachanisha dakika kadhaa, kisha picha zinaendeshwa kwa kasi ya kawaida ya sinema, ambayo ni picha 24 kwa sekunde. Wewe ni mtu wa hesabu, piga: ukichukua picha moja kila dakika 10, siku nzima inakupa picha 144, yaani filamu ya sekunde 6. Siku nzima ya ua, usiku na mchana, sekunde 6! Mawingu yamo humo, baridi ya alfajiri imo, saa nyingi ambazo hapakutokea kitu zimo, ila wewe uliyekaa na blanketi lako hukuzipitia.

Na zile petali zinazoshukia nywele za wapendanao mara nyingi huwa ni karatasi au kitambaa, maana ratiba ya waigizaji haiwezi kusubiri mti. Kuna mtu juu ya ngazi, nje ya picha, ndiye anayezimwaga. Ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu hupatikana muda mfupi baada ya jua kuchomoza na muda mfupi kabla halijazama, na watu wazima wanaolipwa mshahara hukaa kutwa kuungoja. Mwigizaji aliyevaa gauni jepesi kwenye baridi, mara tu mwongozaji akisema kata, anakimbiliwa na koti zito. Wewe siku ya mandari hapakuwa na wa kukukimbilia na koti.

Uliuliza kama uache kuzitazama. La hasha. Acha kurusha hadithi. Umekuwa ukichuna maua na kutupa mti mzima, halafu unashangaa kwa nini machipuko ya kweli yanakuja na mambo mengine mengi kati ya ua na ua. Ile Enchanted April iliyoongozwa na Mike Newell, inayotokana na riwaya ya Elizabeth von Arnim ya mwaka 1922, inaanzia London kwenye mvua, na wanawake wenyewe wamechoka: wamechoka na waume, wamechoka na upweke. Wanakwenda kukodi kasri Italia wakiwa hawajuani vizuri, na huko wanaanza kwa kununiana. Sehemu za kasri zilipigwa Portofino, kwenye Castello Brown, pale pale alipokaa mwandishi. Mtu akiruka ile mvua ya mwanzo, maua ya Portofino hayamfanyi lolote, kwa kuwa hakuna alichokuwa anakikimbia.

Au tafuta Late Spring ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1949. Jina lake ni la msimu huu unaoupenda, na yanayotokea ni binti anayeishi na baba yake mjane na jinsi wanavyosukumwa watengane ili binti aolewe. Sitakusimulia yote. Nitakwambia tu kwamba kinachokukaa mwishoni ni baba akimenya tofaa, basi. Ukiitazama ukidhani utapata pazia jeupe linalopeperuka utanilaani, lakini utakuwa umeona machipuko ambayo yana kuondokewa ndani yake, na hayo nayo yapo.

Ya tatu, na hii itazame pamoja na mwenzako, ni Perfect Days ya Wim Wenders, ya mwaka 2023. Mtu anasafisha vyoo vya umma jijini Tokyo. Koji Yakusho, aliyemwigiza, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huo. Kila asubuhi akifungua mlango anatazama juu angani kabla ya jambo jingine lolote. Mchana anakula kwenye bustani chini ya miti, anatoa kamera ndogo, anapiga picha majani yanavyochezea mwanga juu ya kichwa chake, mara nyingi bila hata kuchungulia, halafu anaendelea kula. Baadaye picha mbaya anazichana. Nimekuchagulia huyo kwa makusudi: ana mapumziko ya mchana kama wewe, ana kazi ambayo haimsubiri kama wewe, na yeye mti hauwekei siku maalumu.

Sasa raha zenyewe ndogo ndogo, maana najua unataka kitu cha kushika. Mimi ningekwambia uanze na zile ambazo skrini haina namna ya kukupa.

Harufu ni ya kwanza. Mvua uliyoichukia ilikuja na ile harufu ya udongo ambayo kila mtu anaijua. Wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, waliandika juu yake mwaka 1964. Sehemu yake kubwa inatokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa kwenye udongo. Tone likigonga ardhi linanasa viputo vya hewa, viputo vinapanda na kupasuka na kurusha chembechembe hewani, na pua ya binadamu inaidaka hata ikiwa kidogo mno. Mvua ikikatika fungua dirisha. Kama mwili wako ni wa kupiga chafya msimu wa chavua, basi ndiyo saa nzuri zaidi kwako, kwani mvua ya taratibu huishusha chini. (Kwenye filamu hizo hakuna anayepenga kamasi. Nimetafuta.)

Ya pili ni mwanga, nao unataka uvumilivu kidogo kwa sababu hauna onyesho. Karibu na tarehe 20 Machi, machipuko ya upande wa kaskazini, usiku na mchana hukaribia kulingana. Kusini mwa ikweta, kwenye machipuko yao, ni Septemba. Siku hizo ndizo ambazo mchana hurefuka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Kwenye latitudo ya 50, yaani nyuzi 50 kutoka ikweta, unaongezeka karibu dakika 4 kila siku, ambayo ni karibu nusu saa kwa wiki. Uliyelalamika kwamba unatoka kazini gizani, fanya hivi: jioni ukiwasha taa ya jikoni, andika saa ukutani au kwenye lile daftari. Usiandike kingine. Kila siku ni tofauti ndogo isiyo na maana, lakini baada ya wiki mbili tatu utaona jioni umerudishiwa karibu nusu saa, na huna haja ya kumwonyesha mtu yeyote ili iwe kweli.

Asubuhi kuna ndege. Msimu huu ndio wanaoimba kwa nguvu, kabla hata jua halijatoka, madume yakitangaza mipaka na kutafuta wake. Hiyo chai yako ya dirishani iko sawa, ila dirisha liwe wazi hata kwa dakika 5, na koti likiwa mabegani.

Halafu tazama chini. Umekuwa ukitazama juu kwenye miti, na maua ya mwanzo kabisa ya msimu yanaota usawa wa kifundo cha mguu, kutoka kwenye vitunguu vyao vilivyolala ardhini baridi nzima. Yana haraka na yana sababu: lazima yamalize kuchanua kabla miti haijatoa majani na kuyazibia jua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na safari hii methali ichukue kama ilivyo, piga magoti. Ukipiga magoti utaona pia kwamba vitumba vya miti vilivyoonekana vimekufa vina kitu chenye kunata kwenye ncha, na vingine vina manyoya laini. Mguse mtoto navyo shavuni, utaona.

Gauni livae. Livae Jumanne kwenda kazini, sweta juu, viatu vizito chini. Kulihifadhi hadi siku itakayolistahili ndiko kunakolifanya liwe zito.

Dada yako nimemsikia. Ana haki kwamba hakuna aibu kujipambia maisha, na wewe umpende kwa kukutetea. Ila ushauri wa kuzidisha siuafiki. Ukizidisha yale yale utapata kitambaa kikubwa zaidi kilicholowa zaidi. Kuna wanaosema hata kuosha vyombo unaweza kukufanya sinema ukiweka muziki na kuwasha mshumaa. Labda. Mimi naona vyombo vioshwe viishe, mtu atoke nje wakati bado kuna mwanga.

Kuna jambo moja la uzito tofauti, nalisema kwa sababu ya mstari wako wa "nakwenda nyumbani moja kwa moja". Huzuni inayokuja na baridi inajulikana kitabibu. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984, na wengi wenye hali hiyo hupata nafuu mwanga ukirudi. Lakini wapo ambao hali huwazidi wakati huu huu ambapo kila mtu nje anacheka, na kule kuona wengine wanachangamka kunawafanya wajione wana kasoro. Ikiwa kinachokuzuia kutoka ni hasira na aibu ya siku ile, itapita. Ikiwa umeacha kulala vizuri, chakula hakina ladha, mambo uliyoyapenda yote yamekuwa mzigo na wiki zinaenda, usilichukulie kama deko, wala usimwachie mtu aliite utoto. Nenda kwa daktari ukamwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi.

Nimalizie na baba mtoto. Neno lake lilikuwa kali na lilisemwa pasipo mahali pake. Mbele ya watu, mbele ya mtoto, mke anatetemeka kwa baridi. Hapo alikosea na ana deni la kukuomba radhi. Lakini lisikilize lile neno bila sauti yake. Alikuambia ardhi imelowa, akaja hata hivyo. Akakalia kitambaa kilicholowa. Akangoja wakati unampanga mtoto. Alichokuwa anasema, vibaya, ni kwamba yeye na mwanawe walikuwa pale na wewe hukuwapo, na kwamba mlitoka familia mkafika bustanini yeye akiwa mtu wa kujaza picha. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuigiza.

Kwa hiyo mwambie mambo mawili kwa pumzi moja, bila kuweka "lakini" katikati: uliniumiza uliponisema mbele ya watu, na siku ile nilikuwa nawapanga kama waigizaji. Kisha nyamaza umwache ajibu. Akishajibu, muulize yeye baridi nzima alikuwa anasubiri nini. Simjui, siwezi kukukisia. Huenda ni kukaa nje bila kusema na mtu, huenda ni mpira, huenda ni kuzima tu ile mashine ya joto na kuacha kulipia. Huyo anayekwambia ukue alipita giza lile lile chini ya paa lile lile, na kwenye barua yako yote sijaona mahali ulipomuuliza aliipitaje.

Mkipatana, wekeni zamu. Wiki hii unachagua wewe mnakokwenda, wiki ijayo yeye, na mtoto apewe zamu yake pia. Simu ibaki mfukoni hadi mnapoondoka, kisha picha moja, ya vyovyote mlivyo. Mtoto mvisheni viatu vya mpira. Wa miaka 5 ukimpa ruhusa ya kukanyaga dimbwi, hilo tope alilolitaja baba yake ndilo atakalolizungumzia wiki nzima. Na usiku wa filamu nao uwe wa zamu. Akichagua ya mapigano, kaa uitazame hadi mwisho, na usiirushe.